Kipini cha Zakiya

Watu wa Kibokoni wakikwambia kwamba Mwanakuu ana mdomo, waamini. Ninao, na umenilisha. Miaka thelathini nimepamba maharusi wa Mji wa Kale, na kazi hiyo haifanyiki kwa upole: mama anataka piko jeusi, shangazi anataka hina nyekundu, watu wa bwana harusi wako nje wanapiga honi, na mimi katikati nawaambia wote wakae chini wanyamaze. Wananyamaza. Sasa nataka kusema mdomo huo ulifanya nini nyumbani kwangu, na sitajipendelea.

Zakiya ni wifi yangu, mke wa Abdulhalim, ndugu yangu wa tumbo moja. Siku ya harusi yao mimi ndiye niliyempamba, na mimi ndiye niliyemvisha kipini cha pua, cha dhahabu, chenye kijiwe chekundu. Kwetu kipini ni cha mke mwenye mume. Kikishaingia hakitoki mpaka siku mume atakapokufa. Siku hiyo kinatolewa mbele ya wanawake, mke anaogeshwa, anavaa nguo isiyo na pambo, hagusi hina wala marashi, anakaa eda miezi minne na siku kumi. Nimevisha vipini vingi na nimevitoa vingi, na anayetaka kujua desturi yake huja kuniuliza mimi.

Miaka saba iliyopita Abdulhalim alikwenda Saudia kuendesha malori. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Mwaka wa pili simu zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Hatukupata barua, wala salamu, wala maiti. Watu wakaanza kunizunguka na pole zao: hitima isomwe, mke aingie eda, jambo liishe. Nikawakatalia. Nilisema ndugu yangu yuko jela, na kule mfungwa hapewi simu, na siku moja atatokea kwenye kona ile na sanduku lake. Kuna kijana mmoja alinijia mpaka mlangoni na uso wa msiba, akasema ana habari za Abdulhalim. Nikamwambia kama ni njema apite ndani, na kama si njema arudi nazo alikozitoa. Alisimama kidogo, akaenda zake. Nilifunga mlango nikajiona mshindi.

Tulikaa nyumba moja na Zakiya, mimi chini, yeye ghorofani. Si msemaji. Asubuhi alikaanga mahamri akauza barazani, jioni akashona, na kipini kikawa puani mwake. Akija mtu kumgusia habari ya eda, mimi ndiye niliyejibu.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, alikuwa anakanda unga mara akaacha. Akakaa sakafuni, mikono bado ina unga, akajishika kifua.

“Wifi,” akanambia, “kuna kitu kimenikalia hapa.”

Jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye nyusi, na maumivu yalikuwa yanapanda mpaka tayani. Nikaita tuk-tuk tukaenda hospitali, upande wa Ganjoni. Wakambandika nyaya kifuani, wakamtoa damu. Daktari wa zamu akasema damu inaonyesha moyo umeumia, na huenda ni mshtuko wa moyo. Siku ya pili wakampitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakamwaga rangi ndani, wakaitazama mishipa kwenye skrini. Daktari yule akatoka anatabasamu.

“Mama, furahini. Mishipa yake safi. Hakuna palipoziba.”

Neno hilo nilitoka nalo mbio. Nilipiga simu kwa ukoo mzima, Lamu mpaka Tanga, nikasema Zakiya mzima, mishipa safi. Nikaagiza halwa na kahawa, jirani wakaja kushukuru. Wapo waliosema ni kijicho. Mimi nilisema ni riahi tu, gesi ya tumbo, na nikaanza kumchemshia tangawizi hata kabla hajaruhusiwa kutoka.

Kesho yake akaja daktari wa moyo mwenyewe, Akila, binti wa Aliakbar, yule mwenye duka la vitambaa. Msichana mdogo wa umbo, anaongea taratibu, lakini macho yake hayakuachi. Alinikuta nakunja nguo za Zakiya.

“Shangazi, mnakwenda wapi?”

“Nyumbani. Si mmesema mishipa safi?”

“Mishipa haikuziba, kweli. Lakini moyo umeumia, damu yake imeonyesha.” Akavuta kiti. “Mshipa unaweza kujibana, ukaikatia damu nyama ya moyo, kisha ukafunguka wenyewe kabla hatujautazama. Unaweza pia kuchanika kwa ndani, mahali padogo, tusipaone. Na pengine hakuna tatizo la mshipa kabisa, ni moyo wenyewe umevimba kwa maradhi au kwa huzuni. Maumivu ni yale yale. Dawa si zile zile.”

“Utajuaje sasa?”

“Nampiga picha ya nyama ya moyo yenyewe, kwa mashine ya sumaku. Na ni leo au kesho. Uvimbe ukinywea nitakuwa nabahatisha.”

Zakiya akasema yuko tayari. Hilo nataka lijulikane, kwamba alikubali mwenyewe.

Wakatushusha kwenye chumba cha mashine. Mwenye kuiendesha alikuwa dada mmoja, Loise, ana adabu lakini hana mchezo. Akasema chuma chote kitoke, na kila kitu cha madini. Zakiya akavua bangili, akavua herini, akatoa pini za mtandio, akaziweka kwenye sahani.

“Na cha puani, mama,” Loise akasema.

Zakiya akainua mkono. Hakusita. Nilimwona akishika kipini kwa vidole viwili, na nilikiona kikizunguka.

Nikasema, “Zakiya. Unataka kumzika ndugu yangu kwa ajili ya picha?”

Vidole vikasimama. Akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja uongeze neno, na mimi nilikuwa nimemaliza. Akashusha mkono.

Nikamgeukia Loise. Nikamwambia dhahabu haivutwi na sumaku, dhahabu naijua tangu yeye hajazaliwa, amwingize hivyo hivyo. Hakupandisha sauti.

“Dhahabu tupu haivutwi. Lakini sijui fundi alichanganya nini humo, wala sijui ule msumari wa ndani ni wa nini. Kikipata moto usoni mwake huko ndani nitamwambia nini? Kitoke, au asiingie.”

“Basi haingii.”

Zakiya akazivaa bangili zake moja moja. Akaweka sahihi kwenye karatasi kwamba ametoka kwa hiari yake. Daktari Akila akampa vidonge vichache vya kumshikilia kwa siku mbili tatu, akanipigia simu jioni ile na siku iliyofuata. Sikushika. Nilikuwa na bibi harusi Bondeni.

Siku ya tisa, mchana, Zakiya alirudi na kikapu kutoka Marikiti. Nilimsikia akipanda ngazi, kisha nikasikia nazi zikiteremka peke yake, moja baada ya nyingine, zikigonga kila kidato. Nikatoka. Alikuwa amelala ubavu kwenye ngazi, midomo imekuwa rangi ya majivu, na mkono wake umeng'ang'ania ukuta. Mimi nilipiga kelele mpaka watu wa barazani wakaja kumbeba.

Daktari Akila hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alimhudumia Zakiya mpaka akatulia, kisha akanivuta ukumbini, tukasimama karibu na dirisha.

“Shangazi Mwanakuu, nisikilize. Nikimpa dawa kali ya kuzuia damu isigande, na kumbe mshipa umechanika kwa ndani, nitamwongezea balaa. Nikimpa ya kulegeza mishipa, na kumbe si hilo, nimempotezea wakati. Natibu gizani. Hii ni mara ya pili. Ya tatu siwezi kukuahidi kitu.”

“Kipini tu?” nikamwuliza. “Hamna njia nyingine?”

“Njia ni hiyo. Wakati pia ni huu.”

Nikaingia wodini. Zakiya alikuwa ameegemea mito, mpira wa hewa puani, kando kabisa ya kile kipini. Nikakaa kitandani, nikamshika mguu juu ya shuka.

“Wifi, kitoe.”

Akatikisa kichwa.

“Nimekosa mimi,” nikamwambia. “Nilisema maneno ya kijinga. Kitoe, upigwe picha, kisha nitakuvisha mwenyewe.”

“Hakitolewi kikarudishwa,” akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. “Wewe ndiye uliyenivisha. Ulinambia mbele ya watu kwamba kitatoka siku mume wangu atakapokufa. Ukanambia tena juzi, mbele ya yule dada.” Akavuta pumzi. “Basi nambie. Amekufa?”

Nilimwona mkaidi. Nilisema moyoni, huyu naye leo ndiyo amepata siku ya kunirudishia maneno yangu. Nikatazama ile mashine iliyokuwa ikichora mapigo yake, mstari unapanda, unashuka, unakosea, unarudi. Nikafikiri juu ya nazi kwenye ngazi. Na mimi, ambaye kwa miaka mitano sikumruhusu mtu kulitaja jina la ndugu yangu karibu na neno hilo, nikafungua kinywa.

“Amekufa.”

Akainua kichwa kwenye mto.

“Nilipigiwa simu asubuhi,” nikaendelea, na uongo ukinijia bila hata kuutafuta. “Mtu wa ubalozi. Amefia jela, Jidda. Maradhi. Wamemzika huko huko. Sikutaka kukwambia nawe uko katika hali hii.”

Nilidhani atalia, au ataniuliza ni mtu gani, jina lake nani, ameijua wapi namba yangu. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu. Zakiya alifumba macho akasoma Inna lillahi polepole mpaka mwisho, na mabega yake yakashuka.

“Kitoe wewe,” akasema.

Nikakitoa. Vidole hivi vimechora hina kwenye nyayo za watoto wanaopiga mateke bila kukosea mstari, na siku ile viliteleza mara tatu. Kikatoka. Kikaacha tundu dogo, na duara ya ngozi nyeupe ambayo haikuwahi kuona jua tangu harusi. Nikakifunga kwenye pindo la leso yangu nikamwita Daktari Akila.

Kule ndani alikaa karibu saa nzima. Mashine ile inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Mimi nilikaa nje na tasbihi, na nikubali kwamba sikuwa namwombea Zakiya. Nilikuwa namwomba radhi Abdulhalim. Nilimwambia sikukuua kweli, ni maneno tu. Akipona nitamweleza, tutacheka, nawe utarudi.

Daktari Akila aliniita kwenye skrini. Moyo wa Zakiya ulikuwa pale, wa kijivu, umekatwa katikati kama chungwa. Akaonyesha sehemu ya mbele kwa kalamu.

“Unaona weupe huu? Tulimpa rangi kwenye mshipa, na nyama iliyoumia ndiyo inayoishika. Tazama umeanzia upande wa ndani. Uvimbe wa maradhi haukai hivi, na huzuni peke yake haiachi weupe. Huu ni mshtuko wa moyo, mishipa iwe safi isiwe safi. Nimerudi kuzitazama na zile picha za mwanzo kwa makini, sioni palipochanika. Mshipa umejibana. Sasa najua dawa yake.”

Nikasema alhamdulillahi, nikaegemea meza. Nilitaka kwenda kumbusu Loise.

“Lakini kuna mahali pengine,” akasema.

Akasogeza picha. Chini, upande wa nyuma, palikuwa na ukingo mwembamba, mweupe, umesinyaa.

“Hapa hapana uvimbe hata kidogo. Nyama imekonda. Hili ni kovu la zamani, la miaka. Moyo wake uliwahi kupigwa kabla ya haya, na hakutibiwa. Aliwahi kuanguka? Kifua, jasho, kichefuchefu?”

“Hajawahi,” nikasema.

Lakini aliwahi. Miaka minne iliyopita, mwezi wa Shaaban, niliamua kukipaka chokaa chumba cha Abdulhalim. Nilitia pazia jipya na godoro jipya, maana nilikuwa nimejipa imani kwamba atafunguliwa kwa msamaha wa Ramadhani. Zakiya alikuwa amekwenda Marikiti kununua viungo. Akarudi na kikapu kitupu. Alisimama mlangoni pa chumba, akafungua kinywa, na mimi juu ya ngazi ya kupakia nikamwahi: “Tazama, wifi. Akirudi atakuta kote kumeng'ara.” Alitazama kuta. Kisha akakaa kwenye kizingiti, jasho likamtoka, akatapika. Nikamwambia ni riahi. Nikamsugua kifua kwa mafuta ya karafuu, nikamnywesha tangawizi, akalala siku tatu, na siku ya nne nikamhimiza aamke akakaange mahamri kwa sababu wateja walikuwa wanauliza.

Nikarudi wodini. Alikuwa amelala ubavu, uso umegeukia upande wangu. Bila kipini alionekana mtu mwingine, mkubwa kunishinda mimi.

“Zakiya, siku ile ya chokaa,” nikamwuliza. “Ulipata nini Marikiti?”

Alivuta shuka mpaka kifuani.

“Khubaib,” akasema. “Alikuwa dereva pamoja naye. Alikuja kwako kwanza, ukamfungia mlango. Akaniulizia mpaka akanipata, nimesimama pale penye iliki. Lori lilipinduka jangwani, wifi. Yeye Khubaib ndiye aliyemtoa, na ndiye aliyemswalia. Lilikuwa jambo la siku kumi nyuma.”

“Na hukunambia.”

“Nilikuja kukwambia. Ukanionyesha chumba.”

Nilitaka kumwambia kwamba angesema tu, kwamba ningestahimili, kwamba mimi ni mtu mzima. Sikuweza, kwa sababu anajua na najua kwamba ningemfukuza nyumbani siku hiyo hiyo. Ningempeleka kwao Siyu na mabunda yake, nikamwita mchawi wa mumewe.

“Miaka minne, Zakiya.”

“Nilisema siku utakayolitamka wewe, nitakivua. Siku ile kwa yule dada nilichoka. Nilisema acha nikivue mwenyewe, ukajue hapo hapo.” Akasogeza mkono juu ya shuka mpaka ukagusa wangu. “Leo uliposema amekufa, nilimshukuru Mungu. Nilidhani Khubaib amekurudia. Halafu ukasema jela.”

Nikatazama chini.

“Si jela, wifi. Wala si Jidda. Ni njia ya Dammam.”

Hapo ndipo nilipomlilia ndugu yangu. Nililia kwenye shuka la hospitali, miguuni mwa mkewe, na yeye mgonjwa ndiye aliyenipapasa kichwa.

Dawa zilimkubali. Baada ya wiki mbili alirudi nyumbani, tukatandika mikeka, tukamsomea Abdulhalim hitima. Watu walijaa mpaka njiani. Hakuna aliyenisema, na wote walikuwa na haki ya kunisema. Mimi nikataka mambo yafuate desturi, angalau sasa. Nikamwita Ustadh Sabir pembeni, nikamwambia tunataka kumwogesha Zakiya aingie eda, atupangie siku.

Ustadh akauliza marehemu alikufa lini. Nikamwambia, kama alivyosema Khubaib. Akahesabu kwa vidole.

“Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, Bi Mwanakuu, si tangu siku ya habari. Yake ilikwisha miaka minne iliyopita. Hana tena ya kukaa.”

Nikaona ni dhuluma. Nikapanda juu kumwambia Zakiya kwamba hata eda ya mumewe imempita, na kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya. Alikuwa amekaa dirishani na vidonge vyake mezani.

“Haikunipita,” akasema. “Niliikaa.”

Sikumwelewa. Akaniacha nifikiri mwenyewe, na nikakumbuka. Tangu siku ile ya chokaa, miezi minne na zaidi, alivaa gauni moja la buluu lililochujuka. Miezi ile hakutoka, kwenda Marikiti nikawa naenda mimi, nikilalamika. Udi nikifukiza alihamia chumba cha pili. Wanja aliuacha, marashi aliyaacha, na mimi nilimwandama kila siku kwamba ni mvivu, kwamba anajitupa, kwamba mumewe akitokea ghafla atamkimbia.

Mwaka ule ule wa chokaa, yeye yumo ndani ya eda yake nami sijui, ikafika jioni ya kuamkia Idi. Maharusi wangu wote nilikuwa nimewamaliza, nikabakiwa na hina kwenye bakuli. Nikapanda kwake. Alificha mikono nyuma akasema, “Wifi, mwaka huu niache.” Nikamwambia mke mwenye mume haendi Idi na mikono mitupu, nikaivuta mikono ile mbele, nikaibana kati ya magoti yangu, nikampaka mpaka kwenye viwiko. Alikuwa analia, na mimi nilimwambia asitikisike, ataharibu maua.